Hillary Mukhisa na Mlango wa Kijani (1957–2025)

Hillary Mukhisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Tongaren, katika nyumba hii mnayoiona, lakini si upande huu wa mbele. Alizaliwa nyuma, kwenye chumba cha kupigia pasi, kwa sababu mama yake, marehemu Nakhungu, alishikwa na uchungu pasi ikiwa mkononi. Wakati huo shamba lilikuwa la Mzungu, na baba yake, marehemu Mzee Mukhisa, ndiye aliyekuwa mpishi. Chakula cha jioni kilichelewa siku hiyo, na babu alisimulia kuchelewa huko kwa fahari mpaka uzeeni. Mimi ninayesoma ni Ivy Nakhungu, binti wa Mzee Wakoli, kaka wa pekee wa marehemu. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetaka nisome mimi, na mtaona kwa nini.

Siwezi kueleza maisha yake bila kueleza upande ule wa nyuma. Mzungu alileta mchoro kutoka kwao Uingereza, akaujenga kama ulivyo. Mbele kulikuwa na vyumba vya wenyewe na wageni wao. Nyuma kulikuwa na jiko, mahali pa kuoshea vyombo, stoo ya nyama na maziwa, na vyumba vya watumishi. Katikati palipita korido yenye kona, ili mgeni aliye mezani asione moshi wala mpishi, na mwisho wake ulikuwa mlango uliovikwa kitambaa kizito cha kijani ili kelele za sufuria zisipite. Korido ilikuwa pana, watu wenye sinia waweze kupishana. Lakini mlango wa kutokea uani ulikuwa mwembamba, wenye ngazi kali za mawe, maana waliopita pale hakuna aliyewafikiria. Babu aliusukuma mlango wa kijani kwa mgongo, mikono ikiwa na sinia, miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kuketi upande wa pili.

Mwaka 1964 shamba lilipogawanywa, babu alipata kipande chenye nyumba. Familia iliendelea kuishi nyuma, karibu na moto, na sebule ya Mzungu ikawa ghala la mahindi. Hillary alianza shule ya msingi hapa Tongaren mwaka 1965, kisha akaenda kusomea uashi mjini Bungoma, akahitimu mwaka 1977.

Aliajiriwa na serikali mjini Bungoma mwaka 1979, katika mambo ya majengo, na baadaye akafundisha uashi kule Kamukuywa mpaka alipostaafu mwaka 2017. Kila kundi la wanafunzi alilileta hapa kuona stoo ya maziwa. Dirisha lake linaangalia kaskazini, kwa sababu Uingereza jua haliingii upande huo. Hapa kwetu, ikifika Juni, jua liko huko huko kaskazini. Maziwa yaliharibika kila mwaka, na kila mwaka babu alikaripiwa kwamba ni mchafu. "Si ati babangu alikuwa mchafu," aliwaambia wanafunzi. "Ni nyumba ilikosea. Nyumba inaweza kosea, na mtu anaweza irekebisha." Siku alipogundua jambo hilo alitembea na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Phelista, binti kutoka Bumula, na Mungu akawajalia watoto watatu. Babu na bibi walipokwisha kututoka, mila ilifuatwa: Hillary, kitinda mimba, alibaki na jiko la mama yake, na baba yangu akachukua mbele. Mlango wa kijani ulikuwa wazi siku zote. Sisi watoto hatukujua nani ni wa wapi. Tulikula palipoiva kwanza.

Agosti 2003 walikuja wageni kuzungumza mahari yangu. Mama Phelista alikuwa amewapikia tangu alfajiri. Watoto wake walipotokea kwenye mlango wa kijani kuwasalimu, baba yangu aliwazuia mbele ya watu wote. "Nyinyi pitieni nyuma," alisema. "Hivyo ndio hii nyumba ilijengwa." Baba mdogo alikuwa nyuma yao, na sinia mkononi. Aliliweka chini. Kesho yake aliuziba mlango huo kwa matofali upande wake, kazi safi isiyo na dosari. Mimi niliolewa, lakini ndugu hao wawili wakawa wanasalimiana kanisani tu, tena kwa kichwa. Ugomvi ulizaliwa siku yangu, ndiyo maana alitaka nisome mimi. Husemwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nyinyi majirani mlilima mpaka mkachoka.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2015, na Novemba 2023 alikatwa mguu wa kulia hospitalini Kitale. Kiti cha magurudumu hakikupita mlango wa uani. Wanawe walimbeba mgongoni kushuka zile ngazi, na asubuhi moja ya Aprili 2024, mvua ikinyesha, waliteleza wakaanguka naye. Baba yangu aliona kila kitu kutoka dirishani. Mchana huo alifungua mlango wa kijani, akayakuta matofali, akaanza kuyapiga kwa nyundo. Baba alikuwa karani maisha yake yote. Hata msumari hapigi.

"Nani huyo anaharibu ukuta yangu?" sauti iliuliza kutoka upande wa pili.

"Ni mimi."

Kiti cha magurudumu kilisogea karibu na ukuta.

"Anza juu, bana. Ukianza chini itakuangukia, alafu nani atanipeleka kliniki?"

"Kwani uliweka simiti ngapi hapa, Hillary?"

"Ya kutosha. Nilikuwa na hasira."

Baba alipumzisha nyundo. "Hiyo siku, si nyumba ilikosea. Ni mimi."

"Najua," baba mdogo alijibu. "Wewe gonga tu."

Mama Phelista alikuwa koridoni, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Kufikia jioni kiti kilipita. Tangu siku hiyo marehemu alikwenda kliniki kupitia mlango wa mbele, akisukumwa na kaka yake, wakibishana njia nzima juu ya mpira na bei ya mahindi.

Figo zilishindwa, akafariki tarehe 9 Septemba 2025, katika chumba kile kile cha pasi, mke wake na kaka yake wakiwa kando. Mmetupa pole, na tunashukuru. Lakini nitasema ukweli: pamoja na machozi haya, tumeshusha pumzi. Tuliogopa sana kwamba angeondoka ukuta ule ukiwa umesimama. Jana jeneza liliingia kwa mlango wa mbele, likapita sebuleni, na baba yangu akausukuma mlango wa kijani kwa mgongo, kama babu, akaushikilia mpaka ndugu yake akapita. Usiku amelala jikoni kwa mama yake.

Ameacha mjane, Phelista, watoto Nanjala, Masika na Simiyu, wajukuu watano, na kaka yake, Wakoli.

Baba ameniagiza nimalizie na tangazo. Baada ya maziko, chakula kiko jikoni. Mtu yeyote asizunguke nyuma. Piteni mbele, nyote, na watoto wenu.

Pumzika salama, Baba Mdogo. Mlango uko wazi.