Baba Severini na Mwaka wa Blanketi Moja

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Apollinarie Kauzeni, ambaye wengi wetu tunamwita Baba Severini, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliajiriwa Julai 1991 kama msaidizi wa maabara katika zahanati moja huko Karema, akahamia hapa Kituo cha Afya Kapwani mwaka 1996, na hakuondoka tena. Alipofika, Mpanda yetu ilikuwa mkoa wa Rukwa. Leo ni mkoa wa Katavi. Amebadilisha mkoa bila kubadilisha kiti.

Kazi yake ni kusoma slaidi kwenye hadubini: damu, choo, na hasa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Lakini wageni wa kituo hiki humkumbuka kwa blanketi za viraka. Mkewe, Mama Upendo, ni fundi cherehani pale Makanyagio. Mwaka 1997 Baba Severini alichoka kuona vipande vya vitenge vikichomwa moto kila jioni, akaanza kuviunganisha. Juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Anashona Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa kupenda tu. Hajawahi kuuza hata moja. Ukipata mtoto, unaletewa. Ukifiwa, unaletewa. Mlinzi wetu Nassib aliletewa kwa sababu alikohoa mbele yake mara mbili.

Kila mtu humuuliza anamaliza ngapi kwa mwaka. Jibu lake halibadiliki: nne. Mvua zikiwa nyingi, tano. Kuna mwaka mmoja tu ambao haukufika hapo, na huo ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu wafanyakazi wapya wanausikia nusunusu.

Ilikuwa 2017. Tangu Juni alikuwa akilalamikia hadubini. Mara lenzi ina vumbi, mara umeme ni mdogo, mara kioo kimechoka. Alifuta lenzi ile mpaka tukaihurumia. Jumamosi moja ya Septemba, nyumbani, Mama Upendo alitazama kazi yake akamwambia taratibu, "Baba Severini, hapa umeshona kijani na kijani. Na mshono umepinda kama njia ya mbuzi." Yeye alikuwa na hakika kwamba kiraka kimoja ni cha bluu. Akakaa akahesabu. Septemba imefika, na amemaliza blanketi moja. Miaka mingine angekuwa na tatu.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa mganga mfawidhi, Daktari Sabrina, akaiweka ile blanketi mbovu mezani.

"Daktari, niondoe kwenye hadubini," alisema. "Macho yangu si mazima. Na slaidi zote nilizosoma tangu Juni zirudiwe."

Daktari alidhani anatania. Ni rahisi sana kunyamaza katika hali kama ile. Hakuna aliyekuwa amelalamika, na mtu mwenye miaka hamsini na miwili anaogopa kuambiwa arudi nyumbani.

Baba Severini alipimwa, ikaonekana jicho la kulia, alilolitegemea kusomea, lina mtoto wa jicho. Wakati anasubiri kupelekwa hospitali ya rufaa kufanyiwa upasuaji, mimi ninayefanya naye kazi maabara, na mwenzangu kutoka kituo jirani, tulikaa na slaidi zake mia moja themanini na sita za makohozi. Tulizirudia kwa siku tisa. Kila jioni alikuja akasimama mlangoni. Siku ya tisa ilibidi nimwambie. Slaidi mia moja themanini na tano alizisoma sawasawa. Moja alikosea. Ilikuwa na vimelea, naye aliandika hakuna.

Ilikuwa ya Abednego, mrina asali wa Ugalla, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani mwezi Agosti akiwa na furaha kwamba hana kifua kikuu. Simu yake haikupatikana. Tamimu, mratibu wetu wa kifua kikuu, alisema angekwenda peke yake, lakini Baba Severini alikataa. Alipanda pikipiki nyuma yake, na mimi nikafuata na bodaboda nikiwa na vifaa vya kupimia familia.

Tulimkuta Abednego akitengeneza mzinga nje ya nyumba. Amekonda, anakohoa, lakini amesimama kwa miguu yake. Baba Severini alishuka akamwendea.

"Nilikuambia huna kifua kikuu. Nilikosea mimi, si wewe wala hadubini. Nimekuja mwenyewe kukuambia."

Abednego aliweka mzinga chini. "Mimi nilidhani mmekuja kununua asali," akasema, kisha akamwita mkewe alete viti.

Alianza dawa wiki hiyohiyo. Mkewe na watoto wanne walipimwa, na majibu yalipotoka wote walikuwa salama. Siku hiyo Baba Severini aliketi kwenye ngazi za maabara, akavua miwani, akacheka peke yake kama mtu aliyetuliwa gunia. Upasuaji wa jicho ulikwenda vizuri. Januari alirudi kwenye hadubini, na baada ya miezi sita ya dawa Abednego alitangazwa amepona.

Tangu hapo kituo chetu kina utaratibu alioudai yeye: kila slaidi ya makohozi husomwa na watu wawili. Na mwaka 2019 alipofungua darasa la kushona kwa wafanyakazi, hakutaka mashindano. Immaculata wa mapokezi humaliza mbili kwa mwaka. Raya wa dirisha la dawa humaliza tano. Mimi nimemaliza moja kwa miaka sita, na haijanyooka. Yeye hutuambia, "Nyie shoneni mnavyoweza. Ila idadi ikishuka, jiulizeni kulikoni."

Ijumaa iliyopita alisoma slaidi yake ya mwisho. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyetoka Karema, aliyekaa kwenye benchi ameshika rozari kwa mikono miwili. Baba Severini aliandika hakuna. Nikaisoma na mimi, polepole, kila pembe. Kweli hakuna. Alimpelekea bibi majibu yeye mwenyewe, na tulimwona akitoka getini anatembea haraka kuliko alivyoingia.

Baba Severini, ahsante kwa miaka yote, na ahsante zaidi kwa asubuhi ile ya Jumatatu. Wewe na Mama Upendo mpate afya, amani na Jumamosi nyingi. Kapwani inakutakia mapumziko mema.

Getrude Elias
Maabara