Betri Anataka Kumtema Mwanangu

Benchi letu ni siti iliyong'olewa kwenye basi la shule, na iko kati ya duka la matairi la Betri na nyumba ya mashine za kufulia, hapa Pruitt, Alabama. Jumamosi asubuhi naingiza nguo kwenye mashine, halafu nakaa hapo nje, hata Januari, kwa sababu ndani kuna fukuto na watoto wa watu wanalia. Kahawa inatoka dukani kwa Betri, kwenye birika la umeme ambalo sijawahi kuliona likioshwa. Betri jina lake ni Lamont. Ameigeuza runinga ya duka itazame nje kupitia dirishani, akapitisha waya wa pedi, kile kidude cha kubonyezea, chini ya kioo, ili acheze gemu huku amekaa nasi. Gemu ni ya mpira wetu, ule wa kofia ngumu na kugongana, na humo mtu anakuwa kocha wa chuo: anasajili vijana, anawapanga, anawatema. Betri ni kocha wa Chuo cha Haleyton. Vijana wengi walioko ndani ya gemu ni wa kweli, kwa majina yao na namba zao za mgongoni. Mmoja ni Kendrell, mwanangu.

Kendrell wa kweli alinipigia simu Alhamisi. Haleyton wameleta kocha mpya, na kocha mpya amemwambia udhamini wake wa masomo umekwisha. Akitaka kubaki, ajilipie, au aingize jina kwenye dirisha la uhamisho atafute chuo kingine. Dirisha linafungwa Jumatatu. Pale benchini nilikuwa sijamwambia mtu.

— Bi Verna, nilikuwa nakusubiri wewe, alisema Betri. Usikasirike.

— Ukianza hivyo nimeshakasirika.

— Nina wachezaji themanini na sita. Gemu inaruhusu themanini na watano. Msimu hauanzi mpaka mmoja atoke.

— Na huyo mmoja ni wangu.

— Nimesema nikuulize kwanza. Mwingine angemtema kimya kimya, ukaja kusikia kwa watu.

Shemasi Purvis alitikisa kichwa. Ni shemasi kweli, ila kanisa analibadilisha kila akigombana na mchungaji, na sasa yuko kwenye la nne.

— Lamont, huna haya. Unamtema mtoto wa mtu mbele ya mama yake, na kahawa yako ameishika mkononi?

— Shemasi, nina kijana anakuja kutoka Texas. Mrusha pasi. Mkono kama bomba la zimamoto. Nimemfukuzia msimu mzima.

— Kijana gani wa Texas? Huyo katengenezwa na kompyuta! Hana mama, hana baba, hana hata kitovu. Unamtoa Kendrell tuliyemwona akibatizwa, unamweka mtu asiye na kitovu?

— Kitovu hakifungi magoli.

Kanali alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Huyu alikaa jeshini miaka miwili jikoni, akatoka na cheo alichojipa mwenyewe.

— Mwonyeshe Bi Verna alama za mwanawe, alisema.

Betri akabonyeza. Picha ya Kendrell ikatokea dirishani, shingo nene kuliko yake, na chini yake: hamsini na nne kwa mia.

— Hamsini na nne, nikasema. Kwa kazi gani?

— Kukaba.

— Kendrell hakabi.

— Gemu imemwandika mkabaji.

— Gemu yako haijui kitu. Kendrell ni yule anayeinama, anarusha mpira nyuma katikati ya miguu yake, unamfikia mpiga teke. Hiyo tu ndiyo kazi yake. Anaingia, anarusha, anatoka. Hakuna anayemjua mpaka siku akikosea, na hajakosea.

Hilo nalijua kwa kidole. Alipokuwa sekondari baba yake alikuwa safarini na lori, kwa hiyo aliyekuwa anasimama kule nyuma ya nyumba kuudaka ni mimi, nikitoka kazini, na viatu vya kazini. Kidole changu cha pete hakijanyooka mpaka leo.

— Kwenye gemu mpira unajirusha wenyewe, alisema Betri, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Hiyo nafasi haipo, Bi Verna. Ningefanyaje?

— Haipo makusudi, alisema Kanali.

— Haya, kaanza, alisema Shemasi.

— Nisikilize. Wenye gemu wana watu wao kila chuo. Wanakaa majukwaani na kofia, unadhani ni wazazi. Wanahesabu mpaka chakula anachokula mtoto. Hiyo hamsini na nne haikutoka hewani.

— Kanali, wewe ulisema hata mizani ya dukani inakupeleleza, alisema Betri.

— Na inanipeleleza!

— Mimi nina wasiwasi mwingine, alisema Shemasi, akashusha sauti kama yuko madhabahuni. Mwaka jana Lamont alimtema yule mtoto wa akina Fontaine. Wiki ileile, yule mtoto wa kweli akavunjika kifundo cha mguu. Wiki ileile! Mkono wa mtu una uzito. Unabonyeza hapa, kitu kinatikisika kule.

— Alivunjika akiruka kutoka juu ya paa la bweni, Shemasi, alisema Betri. Amelewa.

— Na nani alimpandisha paani? Jiulize.

— Bia.

— Mnakwenda kinyume, alisema Kanali. Si kwamba gemu inamfuata kocha. Kocha ndiye anafuata gemu. Makocha wote wa siku hizi wanaicheza ofisini, mlango umefungwa. Anajaribu: nikimtoa huyu, nashinda? Akishinda, asubuhi anamwita mtoto anamwambia funga virago. Ndivyo wanavyofukuza watu sasa hivi. Kwa pedi.

Kanali alikuwa anabahatisha, kama siku zote. Ila mimi nilikuwa sijalala vizuri tangu Alhamisi, na maneno yakanitoka.

— Basi huyo wa Haleyton ameshashinda. Kamwambia Kendrell hivyo hivyo juzi.

Betri aliweka pedi kwenye goti.

— Kamwambia nini?

Nikawaeleza. Udhamini, kujilipia, dirisha, Jumatatu. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea.

— Mungu wangu, alisema Betri. Na mimi nimekaa hapa na Texas yangu.

— Abaki, alisema Shemasi. Amebakiza mwaka na nusu apate digrii. Mpira ni miguu, digrii ni ya kudumu. Abaki, tutapitisha kapu kanisani.

— Kanisa lipi? aliuliza Kanali. Si ulisema na hili unalihama? Mtoto aondoke. Mtu akishakuonyesha mlango, unatoka umenyooka mgongo. Kuna chuo kule pwani, mpiga teke wao mpira unamfikia kama mkate uliodondoka mezani. Wanamhitaji kesho.

— Pwani watamharibu.

— Wewe ulishafika pwani lini?

— Mimi ningefanya hivi, alisema Betri, akashika tena pedi bila kujua. Jina liingie kwenye uhamisho, lakini bweni asihame. Akipata pazuri anaenda. Asipopata anasema alikuwa anatania.

— Mwanangu si gari la kuuza, nikasema. Nimeshamwambia abaki. Nitaongeza zamu kule kwenye kiwanda cha kuku, amalize masomo. Limekwisha.

— Umeona? Limekwisha, alisema Shemasi kwa furaha, kama yeye ndiye aliyeshinda.

Ilikuwa katikati ya haya ndipo nilipomwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama pembeni ya gari dogo lenye pancha, amevaa sare ya wauguzi, mikono kwapani kwa baridi. Sidhani tulimsikia akifika. Sijui alikuwa amesikiliza tangu wapi.

— Karibu dada, alisema Betri. Dakika moja tu, nakuja kwenye tairi lako.

— Sawa. Huyo kijana mnayemjadili ana miaka mingapi?

— Ishirini, nikamjibu.

— Na mwenyewe anataka nini?

  

— Hilo gemu inalo! alisema Betri. Kila mchezaji kuna mahali wanaandika anachotaka. Subiri.

Akabonyeza, akabonyeza, sote tukageukia dirishani, na mimi pia. Maneno yakaja, Betri akayasoma kwa sauti.

— Kucheza kila mechi. Timu inayoshinda. Karibu na nyumbani. Umeona? Karibu na nyumbani!

— Sikuuliza mashine, alisema yule mwanamke, taratibu tu. Nimemuulizia mtoto.

Sasa wakawa wananitazama mimi. Ningeweza kuwaambia mengi. Namba yake ya viatu, dawa inayomdhuru, jinsi anavyonyamaza akiwa na njaa. Lakini ile simu ya Alhamisi niliikumbuka yote, na aliyeongea humo ni mimi. Nilimwambia digrii. Nilimwambia zamu. Nilimwambia asimjibu kocha vibaya. Yeye alisema ndiyo mama, ndiyo mama, sawa mama.

— Sijui, nikasema.

— Basi, alisema yule mwanamke. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasikia baridi.

Betri akasimama. Alizima runinga, na wachezaji wake themanini na sita bado humo ndani, akachukua jeki.

— Twende tuone hilo tairi, dada. Shemasi, njoo unishikie taa.

— Taa ya nini? Si asubuhi hii?

— Njoo unishikie taa, Shemasi. Na wewe Kanali.

Wakaenda wote watatu kusimama kuzunguka tairi moja, migongo kwangu. Nikaweka kikombe chini, nikatoa simu. Iliita mara nyingi. Jumamosi huwa anachelewa kuamka.

— Mama? Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa. Nataka kukuuliza kitu, na mimi nitanyamaza. Unataka kubaki au unataka kuondoka?

Nikasikia kitanda kikilia, mlango ukafungwa, na kule nyuma sauti ya mwenzake wa chumbani ikakatika.

— Nikuambie kweli? alisema.

— Ndiyo.

— Ngoja kwanza nikae, mama. Ni habari ndefu.