Bashahidi ba keki ya Mama Keren

Kwetu Butembo, pale njia ya kushuka soko inakutana na ile ya kwenda kanisani, kuko banc moja ya kukalia, ya miguu tatu na tofali. Mwenye kukaa upande wa tofali njo anasemaka sana, juu iko anaogopa kuanguka. Kila asubuhi baridi inatuleta pale, sisi barafiki batatu, kwa kahawa ya Mama Keren. Jumamosi hii alitumiminia bila kutuangalia. Kwa meza yake kulikuwa keki kubwa, amefunika na kitambaa cheupe, na uso yake ilikuwa ya mutu wa matanga.

Nilimuuliza shida ni nini. Akasema batu ba hygiène, bale ba serikali ba kuangalia usafi, balipita kanisani jana. Ku mavuno ya kesho, ile sikukuu ya kanisa, chakula cha kupikwa ku nyumba hakiuzishwe tena ovyo. Kila mupishi alete bashahidi babili, batu balishakula chakula yake na hawakugonjwa. Kama hana, abaki na sufuria yake.

Eh, hapo nilikasirika. Keki ya Mama Keren njo inafunguaka mnada ya mavuno kila mwaka. Pasta anaita jina yake ku micro, Mama anasimama, anatengeneza kitambaa ya kichwa, batu banapiga makofi. Tangu bwana yake alifariki, ni ile siku moja tu kanisa yote inamuona.

Lusenge, fundi wa viatu mwenye tunaitaka Ministre juu anajuaka siri zote za Kinshasa, alisema hygiène haiko ndani ya hii mambo. Ni bacommerçants, bale benye kuuzisha biscuit.

— Biscuit inavuka mpaka, haina hata mama, akasema. Nani shahidi wa biscuit?

Éphraïm, mwenye tunaita Kilo Moja juu ya tumbo yake, akaona hiyo ni kidogo. Kwake, Leta, ni kusema serikali, inataka kujua nani angali na mayai mu nyumba. Kisha bataweka compteur ya kuhesabu ku kila sufuria, sawa ile ya courant. Na ile kandege kadogo kasiyo na rubani kanapitaka juu ya Beni, hakatafute baasi hata kidogo, kananusa mafuta ya mandazi. Nilimwambia anyamaze. Mimi nilisema tangu Ebola tulinawa mikono na chlore mpaka pete za ndoa zikapoteza rangi, donc microbe gani ingali na nguvu ya kupanda ku keki?

Mama Keren alingoja tuchoke.

— Basi mutakuwa bashahidi bangu?

Tuliapa wote. Ministre alisema anakulaka ile keki tangu angali kijana. Kilo Moja akasema njo ilimuleta ku ubatizo. Mimi nikasema iliniponyesha malaria, na sikusikia haya.

Hapo njo alifika binti mumoja mwenye kuvaa gilet ya hygiène, boti za miguu na matope mpaka ku magoti. Alisema jina yake ni Bénite, akaomba kahawa, akakaa upande wa tofali. Mama Keren akamuonyesha sisi na kidole, na furaha yote: bashahidi bake, hawa hapa.

Bénite alikunywa kidogo kwanza.

— Muzuri. Ndani ya keki kuko ndizi ao nanasi?

— Nanasi, Kilo Moja akasema.

— Ndizi, Ministre akasema, saa ile ile.

Mimi niliangalia kikombe. Juu kwetu, ukinunua kitu ku mavuno, heshima inaomba ukirudishe ku meza, kiuzishwe tena kwa kazi ya Mungu. Nilinunua keki ile mwaka jana, nikairudisha. Ministre akanunua, akarudisha. Kilo Moja vile vile, na machozi. Mwenye kuibeba kwake, batamucheka mpaka kule mbali Luofu. Mwisho inabakia kwa Pasta, na Pasta iko na ugonjwa wa sukari.

Mama Keren aliweka thermos chini.

— Hamujakula hata siku moja?

— Ni heshima, Mama, Ministre akasema polepole.

— Sikupikaka heshima. Nilipikaka keki.

Haya ilinishika mpaka masikio. Yeye alitoa kisu, akaondoa kitambaa, akakata. Hakukuwa ndizi, hakukuwa nanasi. Ilikuwa maracuja, ile tunda ya pasheni. Kilo Moja alifunga macho. Ministre alilamba vidole vyote. Bamotari benye kupita njiani balisimamisha pikipiki, bakapata nabo. Bénite alikula, akanyosha mukono tena. Na kila mutu mwenye alisema ni tamu, Mama Keren alitengeneza kitambaa ya kichwa, akacheka.

Bénite alipanguza kinywa.

— Bashahidi balishatosha. Sasa ile ya kuuzisha kesho iko wapi?

Tuliangalia sahani. Kilo Moja alikuwa anaokota mabaki na kidole gumba.

Mama Keren alifunga kitenge yake, akabeba thermos.

— Ninaenda kuwasha makala, nipike ingine. Na kesho, mwenye atanunua keki yangu na kuirudisha, asikanyage tena hapa kwa kahawa.

Ministre alinyosha kikombe yake kuomba ya mwisho. Mama alishafika kwa kona.