Koki ya Thesele

Kijiwe chetu cha Ha Mosuoe ni ubao mmoja mrefu juu ya vigingi viwili, pale kona ambapo barabara ya Mokhotlong inaachana na njia ya zahanati. Mgongo tunauegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya 'Malineo, miguu tunainyoosha kwenye dramu lake la moto, na kahawa ni ya kwake, chungu, yenye moshi wa samadi kavu. Umeme ulikatika Jumapili, theluji ilipolaza nguzo kule mlimani, na hadi asubuhi ninayoisimulia ulikuwa haujarudi. Njia ya mlimani imefungwa. Simu zimezima. Tulikaa watatu na nusu: Injinia, aliyechimba mahandaki ya bwawa enzi za ujana na hajaacha kuyachimba mdomoni, Hakimu, aliyefagia mahakama ya wilaya miaka mingi mpaka akahukumu kila kitu, na Redio, ambaye betri yake haiishi. Nusu ni mimi. Wananiita Shahidi, kwa kuwa naona kila kitu na sisemi. Nafasi ya Thesele, mume wa 'Malineo, ilikuwa wazi. Tulimzika mwezi wa nne, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuikalia.

'Malineo alitoka ndani na sufuria ya theluji, akaitua juu ya dramu.

— Bomba limegoma kabisa, — akasema. — La jikoni, la bafuni, yote. Ukilifungua linakohoa tu, halafu kimya.

— Hilo limeganda, mama, — akasema Injinia. — Hita aliyoleta mkweo ndiyo iliyokuwa inapasha nyumba. Umeme umekwenda, baridi imepanda darini, imelikamata bomba koo.

— Najua limeganda, baba. Nauliza nifanyeje. Mtoto wa binti yangu Lineo hajafikisha hata wiki mbili. Nayeyusha theluji tangu alfajiri, sufuria nzima inanipa kikombe. Nimwogeshe mtoto kwa kikombe?

Sote tukatazama juu. Kwenye paa ulichomekwa unyasi mrefu, alama kwamba ndani kuna mzazi, na mwanamume hapiti mlango ule mpaka uondolewe. Kwa hiyo sisi wataalamu wa bomba hatukuwa na ruhusa ya kuliona bomba lenyewe. Lakini nani aliwahi kunyimwa maneno kwa sababu hajaona?

— Ungeliacha lidondoke tone tone usiku kucha, — akasema Injinia. — Maji yanayotembea hayagandi.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Hakimu. — Kibaba kingejaa, nacho kingeganda. Shauri limetupwa.

— Basi awashe magazeti chini ya bomba.

— Bomba la plastiki, Injinia!

— Magazeti machache.

— Na nyumba ya nyasi kwa juu! Wewe ndiye uliyechimba bwawa? Ndiyo maana linavuja.

— Halivuji bwawa langu!

Redio alikuwa anatafuta upenyo. Akaupata.

— Sikilizeni, mimi nilisikia kwenye taarifa. Huko kwa Warusi, baridi ikizidi, wanamimina pombe kali ndani ya bomba. Bomba likishalewa haligandi.

— Na mtoto aogeshwe kwa pombe? — akauliza 'Malineo.

— Atalala vizuri, mama.

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu wenye meno yanayogongana. 'Malineo hakucheka. Alikoroga theluji kwa mwiko kana kwamba ni ugali.

— Wazee walisema dawa ya moto ni moto, — akaanza Hakimu, akijikohoza kama mtu anayesoma hukumu. — Kwa mantiki hiyo, dawa ya baridi ni baridi. Kondoo akifunikwa na theluji mlimani, mchungaji anamkuta hai siku ya pili, kajifukia, ana joto lake. Tupande juu tulundike theluji paani kote. Bomba lipate blanketi.

— Acha zako! Kondoo ana damu.

— Sasa umesema neno, — akarukia Redio. — Tuingize kondoo wenyewe. Kondoo kumi sebuleni wanapasha nyumba kuliko hita ya mkwe, na hawakatiki nguzo ikianguka. Madume, lakini, hawaruhusiwi mpaka unyasi uondolewe.

— Hata majike, — akasema 'Malineo. — Mmekwisha?

— Bado moja, mama, hii ya kweli. Dramu hili hapa. Liingizwe ndani na makaa yake, madirisha yafungwe, na blanketi lizibe chini ya mlango. Mpaka jioni bomba limelainika.

Mwiko ulisimama.

— Redio, — akasema 'Malineo polepole. — Binamu yangu wa Mapholaneng alifanya hivyo hivyo. Makaa ndani, madirisha yamefungwa. Tuliwakuta asubuhi, yeye na mume wake na wanawe, wamelala vizuri kama watu waliochoka na kazi. Chai ilikuwa bado kwenye vikombe. Sitaki kusikia hilo tena mlangoni kwangu.

Redio akavuta blanketi mpaka machoni. Upepo ulipita barabarani ukibeba unga wa theluji, na ndani tukasikia kichanga kikilia kwa sauti nyembamba, halafu Lineo akikibembeleza.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — akanong'ona Hakimu, ili aseme kitu.

— Ya kwetu wiki hii yanazoleka hata kwa koleo, — akasema Injinia, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la mzaha siku ile.

Jua likachomoza. Tangu Jumapili hatukuwa tumeliona. Lilitokea nyuma ya mlima likapiga paa la 'Malineo, na ukingo wa nyasi ukaanza kudondosha maji. Injinia akavua kofia akaligeuzia uso wake, akasema hata umeme sasa hatuuhitaji. 'Malineo naye alinyanyua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile niliona mabega yake yakishuka.

Ndipo akaja dereva mmoja. Lori lake la unga lilikuwa limekwama mbele ya zahanati tangu njia ifungwe. Mwanamke wa makamo, mpana, buti za kiume, blanketi limefungwa kiunoni kwa kamba. Nthabeleng, alijitambulisha. Alileta kikombe chake mwenyewe.

— Khotso, baba zangu. Mama, kahawa ipo?

— Ipo ya mwisho, — akasema 'Malineo. — Maji ya kupika nyingine sina. Bomba limeganda.

— Lakini sasa jua limetoka, — akasema Injinia. — Mungu kasikia.

Nthabeleng aliinua macho akatazama paa linalodondoka. Hakunywa ile kahawa.

— Koki kuu iko wapi? — akauliza.

— Koki ya nini, dada? — akasema Hakimu. — Maji yenyewe hayapo.

— Yapo, baba. Yamesimama tu. Maji yakiganda yanavimba, na bomba likizidiwa linapasuka, ila huoni, kwa sababu barafu imeziba tundu. Jua likilegeza hiyo barafu ndipo mtakapojua. Nauliza koki inayofunga maji yote ya nyumba hii, iko wapi?

Nilimtazama Injinia. Injinia akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama ndani ya kikombe chake, ambamo hamkuwa na kitu.

— Thesele ndiye aliyelitandika bomba, — akasema 'Malineo. — Kwa mikono yake, kila alipopewa likizo mgodini. Alichimba kutoka kwenye tangi la kijiji kule juu mpaka hapa. Sikuwahi kumuuliza.

— Na nyinyi wazee?

Tulikaa naye ubao mmoja miaka yote ile. Tulibishana naye mpira, siasa, bei ya sufu, hata kama mwezini kuna watu. Bomba lake tulilicheka, tukamwambia mtu wa milimani anataka kuoga kama mfalme. Hakuna aliyewahi kumuuliza maji yake yanapita wapi.

Ghafla kitu kikapasuka darini. Kilipasuka mara moja, kavu, kama mjeledi. Lineo akapiga yowe.

Wanaume wote tuliruka mpaka mlangoni, na mlangoni tukagota kama ng'ombe kwenye zizi lililofungwa. Unyasi ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Nthabeleng na 'Malineo walitupita. Kupitia mlango ulioachwa wazi tuliona maji yakishuka kutoka darini, kwanza uzi, kisha mkono mzima, yakipiga kitanda.

— Mtoeni mtoto! — Hakimu alikuwa analia sasa. — Mtoeni mtoto, mtoeni!

Lineo alitoka miguu mitupu, kalowa mpaka kiunoni, kichanga kakibana kifuani. Mzazi hatoki nje kabla ya siku zake, wala haonekani na wanaume namna ile. Hakimu aligeuza uso kuelekea ukutani, akavua blanketi lake, akalinyoosha nyuma yake bila kutazama, mpaka alipohisi limepokewa. Akabaki na shati katika baridi ile, ameupa ukuta uso, anatetemeka.

— Kwenye lori! — akasema Nthabeleng. — Injini iwashwe, hita yake inafanya kazi. Shahidi, ufunguo huu hapa, mpeleke.

Niliwapeleka. Nilitembea mbele bila kugeuka nyuma. Niliporudi, Injinia alikuwa anapiga sururu mbele ya nyumba, mahali alipodhani bomba linaingia. Ardhi ilikuwa chuma, sururu inarudi na cheche. Redio alikuwa kashika njia ya kwenda kwenye tangi la juu akafunge huko, lakini theluji ilimfika magotini na tangi lilikuwa mbali. Tulimwona anaanguka, anainuka, anaanguka. Ndani, kipande cha dari kiliporomoka juu ya kitanda kwa kishindo kizito.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — akasema Injinia huku anahema, akamsukumia Nthabeleng jembe. Hata yeye mwenyewe hakulisikia alilolisema.

Nthabeleng alilipokea jembe, lakini hakuchimba. Alimgeukia 'Malineo, aliyekuwa amesimama katikati ya ua na godoro la mtoto mikononi, maji yakimchuruzika.

— Mama. Mumeo, wakati wa baridi, jioni, alikuwa na mazoea gani?

— Mazoea?

— Akishakula. Kabla ya kulala.

— Alikuwa anatoka nyuma ya nyumba kuvuta sigara. Kila siku. Hata upepo ukiwa wa kuua.

— Akirudi ananuka sigara?

'Malineo alitikisa kichwa. Aliliweka godoro chini kwenye theluji, taratibu, kana kwamba mtoto alikuwa bado juu yake.

— Daktari wa mgodi alimkataza, — akasema. — Kifua. Nilidhani anavuta kwa siri. Nikamgombeza kila msimu wa baridi. Nilimwambia, unaniacha mjane kwa ajili ya sigara. Hakunijibu hata mara moja. Alinitazama tu.

Hatukungoja amalize. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la jikoni, kulikuwa na rundo la mawe ambalo kila mtu alidhani ni mabaki ya ujenzi. Injinia alilifumua. Chini yake palikuwa na bati, chini ya bati shimo lililojengwa kwa matofali vizuri kama kaburi la mtoto, na ndani yake kifurushi cha blanketi lililofungwa kwa waya. Nthabeleng alikifungua. Akaingiza mkono, akazungusha. Tukasikia maji ndani ya nyumba yakipungua, yakadondoka, yakanyamaza.

Pale pale shimoni kulikuwa na koki nyingine, ndogo, imeelekezwa bondeni.

— Alikuwa anafunga ile, — akasema Nthabeleng, — kisha anaifungua hii, bomba zima la nyumba linajimwaga. Usiku hakuna kinachobaki cha kuganda. Alfajiri anarudisha.

— Kabla sijaamka, — akasema 'Malineo.

— Kabla hujaamka.

'Malineo alichukua kile kipande cha blanketi akakigeuza mkononi. Kilikuwa nusu ya blanketi la kahawia, limekatwa kwa kisu. Alilitambua, nilimwona. Lilikuwa la Thesele mwenyewe.

Chumba kile kilikwisha: dari, kitanda, nguo za mtoto zote alizoshona 'Malineo mwenyewe. Lineo na kichanga walilala kwa Hakimu, na mke wa Hakimu akasema unyasi nao uhamie kwake, mambo mengine tutayajibu kwa mababu baadaye. Umeme ulirudi baada ya theluji nyingine kuanguka. Kichanga kilishikwa na kifua, kikakohoa mpaka baridi ikaisha, lakini kiliishi. Kijiweni hatukukaa kwa siku nyingi, na tulipokaa tuliongea kwa sauti ya chini, hata Redio.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile tulisimama kuzunguka lile shimo, wazee wazima, tope hadi magotini. Injinia, kwa kuwa hakujua kunyamaza, akasema:

— Usihofu, mama. Sasa tunajua ilipo. Kila jioni nitakuja kukufungia.

'Malineo alipiga magoti kwenye theluji.

— Hapana, — akasema. — Sogeeni, mnaniziba. Dada, nionyeshe. Inazungushwa upande gani?

Nthabeleng alimshika kiganja, akakiweka juu ya koki.