Mkono wa Saba

Sauti alikuwa na kosa, na heri litajwe mapema kabla kahawa haijapoa: alitia maneno yake katika kinywa cha mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kuzisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili, peke yake chumbani, kipaza sauti mbele, kikombe pembeni. Siku ile alikuwa anameza kahawa pale bwana mmoja mwenye upanga, katika filamu moja, alipotoa kauli yake ya mwisho. Angeweza kurudisha nyuma akasikiliza tena. Uvivu ukamshika, akasema lililomjia. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, kila jioni yuko kwenye benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu, anasikiliza watu wazima wakigombana juu ya lililomjia. Na kila akisali, pale pa kuomba msamaha wa ulimi alipapita mbio.

Filamu yenyewe ni ya watu wanaoishi ndani ya vyombo vya angani. Huko hakuna bunduki, maana risasi ikitoboa ukuta hewa yote inatoka, wanakauka kama dagaa. Kwa hiyo wanapigana kwa panga. Ziko namna saba za kupigana, kila moja inaitwa mkono. Sita ni za mabingwa: wa kuruka, wa kukinga, wa kuvizia na kadhalika. Mkono wa Saba unaitwa Wastani. Huo umechota kidogo kidogo kutoka kwa wenzake wote.

— Wastani! — alisema Soli, fundi viatu, misumari midogo imejaa midomoni. — Neno hilo nalijua tangu shule. Mwalimu akikuandikia wastani, baba yako anakuchapa, ila kwa upole.

— Ni kama kichwa, — alisema Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na mteja. — Umnyoe mtu upara juu, umwachie ndefu nyuma, pembeni umchonge. Umempa kila kitu, na hana alichopata. Ndiyo wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo wahenga wameingiaje?

— Wameingia kwa miguu. Wewe gonga misumari yako.

Dada Birika, muuza kahawa, aliinua birika lake.

— Mimi naona Wastani ndio baba lao. Mle ndani mara una uzito, mara unaelea. Bingwa wa kuruka, akianza kuelea, ataruka kwenda wapi? Wa Wastani hana shida. Hana jambo analolijua sana la kumharibikia.

— Sasa umemsifu au umemtukana? — aliuliza Wembe.

— Nimekumiminia kahawa. Kunywa.

Wembe akasogea mbele. Akisogea mbele hivyo, watu hushika vikombe vyao.

— Nimechunguza. Aliyeuanzisha Mkono wa Saba, yule bwana anayekufa mwishoni, alikuwa mpishi wa chombo. Tazameni anavyoushika upanga, ule ni mwiko! Halafu ana mioyo miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ndiyo maana hana upande.

— Mioyo miwili umeionea wapi? — aliuliza Dada Birika.

— Si alichomwa mara mbili ndipo akafa? Hesabu mwenyewe. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Aliposikia neno mwana, Soli akaacha kugonga. Chini ya benchi palikuwa na kiatu cha mguu wa kushoto, soli imeachama kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Cha binti yake. Binti alikuwa anajifunza panga za mbao kwenye ukumbi wa mtaa, na mwalimu wake anafundisha kila kitu kidogo kidogo. Tangu filamu itoke, wanafunzi wenyewe wanauita mchezo wao Mkono wa Saba. Shindano lao la kwanza lilikuwa kesho.

— Haendi, — alisema Soli. — Nimeshamwambia mama yake. Bwana yule kabla hajakata roho alisemaje? "Mkono wa Saba ni mkono wa asiye na kazi." Amesema mwenyewe, si mimi. Mwanangu ana cherehani yake, ana mdogo wake wa kupeleka shule, ana bibi yake wa kumwogesha. Leo akajifunze uzembe wa angani?

— Analia? — aliuliza Dada Birika.

— Afadhali angelia. Anafua. Anafua nguo zilizokwisha fuliwa.

Sauti akatazama ndani ya kikombe chake. Masimbi ya kahawa tu.

Hapo akafika mama mmoja mtu mzima, ndala mkononi, ukanda umekatika. Hawakumjua. Walimpisha akaketi, akasubiri zamu yake akiwasikiliza. Kisha akauliza kwa adabu:

— Samahani, wanangu. Huyo bwana, hayo maneno aliyasema mwenyewe, au alisemewa?

Wembe alifumbua mdomo atafute methali. Dada Birika alilitua birika chini.

— Alisemewa, mama, — alisema Sauti. — Nilimsemea mimi.

Wote wakamgeukia.

— Asubuhi hii nimesikiliza mara tisa. Hakusema "asiye na kazi." Alisema "mwenye kazi nyingine." Wale sita wanashinda na upanga kutwa. Wa saba ana chombo cha kuendesha, ana wagonjwa, ana watoto. Anajifunza upanga wa kumtosha arudi kwao salama. Ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwa nameza kahawa.

— Kahawa yangu? — aliuliza Dada Birika.

— Yako, dada.

— Basi Mungu anisamehe na mimi.

— Mpishi! — Wembe alipiga paja. — Kazi nyingine! Si nilisema ni mpishi?

Soli alikuwa anatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaiweka kiganjani.

— Wiki tatu, Sauti. Unakaa hapa, unanisikia.

— Nimekaa. Niliogopa mtaniita mwongo, na sauti ndiyo ugali wa wanangu. Nikamwachia binti yako aubebe uongo wangu. Hilo ni baya kuliko lile la kwanza, najua.

Soli alitazama upande wa nyumbani kwake, ambako kamba ya nguo ilikuwa imejaa mpaka imelegea.

— Yangu itasubiri, — alisema yule mama, akaificha ndala yake nyuma ya mgongo.

Sauti akainama, akakitoa kile kiatu chini ya benchi, akakipangusa vumbi kwa shati lake, akakiweka magotini pa Soli.

— Ndugu yangu, nakuomba, kishone.