Jumanne na Ijumaa za Sista Taratibu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, mdogo wa mumewe, niwasomee safari ya maisha yake, na nawaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii ina mahali ambapo mkono wangu ulikataa kuandika mara tatu, na nikifika hapo mtapajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili ila anasikiliza mno shida za wenzake, maneno ambayo baba yake aliyachukulia kuwa malalamiko, kumbe ulikuwa utabiri.

Mwaka 1984 alihitimu uuguzi, akapangiwa wodi ya wanaume, na huko ndiko wagonjwa walikomwita Sista Taratibu, maana hata daktari afoke vipi, neno lake lilikuwa hilohilo. Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi umeme, aliyekuwa amelazwa wodini humo kwa kuvunjika mguu, na ambaye hakatai kwamba mguu ulipona wiki mbili kabla yeye hajakubali kuruhusiwa, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wako hapa.

Mwaka 1999 alirudi darasani kusomea ushauri nasaha, na mwaka 2001 akapewa chumba namba tisa, meza moja, viti viwili na fomu ya maswali ishirini iliyotafsiriwa na mtu asiyejulikana, ambayo swali lake la nne lilimuuliza mgonjwa kama amejisikia bluu, Kiingereza cha kuwa na huzuni kilichogeuzwa neno kwa neno, na mstaafu mmoja wa posta akajibu kwa adabu kwamba nguo za bluu aliziacha kazini. Marehemu alicheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu kwa hesabu ya fomu mzee yule alikuwa mzima, ilhali hakuwa amekula vizuri tangu siku aliyokabidhi funguo za ofisi. Tangu hapo akawa anaandika daftarini maneno ya wagonjwa wenyewe, kichwa kimejaa, nyumba imenikataa, mwili upo lakini mwenyewe sipo, na kwa maneno hayo akatunga maswali yake, akabishana na mkuu wake miaka mitatu mpaka yakakubaliwa, akasogeza meza ukutani, akamruhusu mjane aje na dada yake na mstaafu aje na mkewe, kwani alisema watu wetu hawaugui mmoja mmoja.

Sasa nimefika pale.

Mwezi Juni 2008 kiwanda cha uchapaji, nilikoendesha mashine miaka ishirini na miwili, kilinipunguza kazi, nami sikumwambia mtu, si mke wangu, si kaka, bali kila asubuhi nilivaa ovaroli, nikabeba chakula changu, nikaenda kukaa kwenye benchi la stendi mpaka saa kumi jioni, kwa wiki tisa. Kifua kikaanza kuniuma, vipimo vikaonyesha sina kitu, daktari akaniandikia chumba namba tisa, na nilipofungua mlango nikamkuta shemeji yangu.

Hakusema pole, wala hakuuliza kulikoni. Aliniambia, "Shemeji, keti kwanza, taratibu. Ukiamka asubuhi, kabla hujavaa, unaogopa nini?"

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwambia kwamba nimeanza kuona heri nisiwepo. Akaniambia yeye ni ndugu, hawezi kuwa mshauri wangu, lakini siku hiyohiyo akanipeleka kwa mwenzake wa kliniki ya upande wa pili wa mji, na kwa kuwa alijua sitarudi huko peke yangu, akanisindikiza kila Jumanne na Ijumaa, yeye akingoja nje kwenye ngazi mpaka nitoke.

Watu walimwona kwenye ngazi zile, maneno yakamfikia kaka kwamba mkewe ana mtu upande ule wa mji, naye akaitisha kikao cha ukoo sebuleni kwake, Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2008, tukiwa watu kumi na mmoja.

"Jumanne na Ijumaa unakwenda wapi?" kaka aliuliza.

"Kazini."

"Kazini kwako nimeshauliza. Wanasema unatoka saa nane."

"Ni kazi, baba watoto. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kusema."

"Ruhusa ya nani?"

Marehemu hakunitazama, hata jicho halikugeuka upande wangu, kwa sababu alijua angenitazama wangejua wote, nami nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Kaka alilala chumba cha wageni miezi kumi na minne, na ingawa ndoa yao ilipona, swali lile halikupata jibu. Nilipomuuliza shemeji kwa nini hakujitetea, alisema, "Siri ni yako. Siku utakayoweza kuitoa, utaitoa." Nilipona, nikapata kazi ya kujalidi vitabu, nikasomesha watoto, na siri sikuitoa.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa subira kubwa, na Jumatano ya tarehe 12 Februari 2025, saa tano asubuhi, akafariki, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi mchana nilimwita kaka nyuma ya nyumba, nikamweleza yote. Akauliza, "Siku ile ya kikao, wewe ulikuwa umekaa wapi?" Nikamwambia, "Karibu na dirisha." Akasema, "Basi kasome. Nilimsema mbele za watu, asafishwe mbele za watu." Ndiyo maana nimesoma, na mke wangu, ambaye ameyajua haya jana, amekaa pale mbele ananisikiliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa chumba namba tisa, na ninyi mliokuja bila kutuambia mlimfahamu vipi, nasi hatutawauliza.

Shemeji, pumzika kwa amani, amani ambayo mimi nilikucheleweshea miaka kumi na sita.