Kingi Kadenge, Mshona Mabawa ya Ndege

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Bondeni, tunawasomea maisha ya marehemu Kingi Kadenge kama familia yake ilivyoyajua, na pale ambapo baadhi yetu walisihi tunyamaze, tumeona afadhali tuseme.

Marehemu alizaliwa Rabai tarehe 3 Mei 1906, mtoto wa tatu wa Mzee Kadenge Chonga na Mama Kache, akabatizwa huko huko, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1921 akaletwa kisiwani kujifunza ushonaji kwa fundi Athmani wa Mji wa Kale, aliyekuwa akifumua kazi mbovu za wanafunzi wake mbele ya wateja, na marehemu alikuwa akisema alifumuliwa mara moja tu, ikamtosha.

Tarehe 12 Agosti 1927 alifunga ndoa na Bi Nyevu, wakajaliwa watoto watatu, Chonga aliyefariki akiwa mchanga, Mejumaa ambaye sasa yuko chuoni Makerere, na Kadenge.

Wakati wa vita alishonea jeshi mahema, na mwaka 1942 akahamishiwa uwanja wa ndege wa Port Reitz, akafundishwa kuvika mabawa ya ndege kitambaa na kukipaka rangi ya kukikaza, ambayo mvuke wake ulimwachia kikohozi. Mwaka 1946 aliajiriwa na kampuni ndogo yenye ndege mbili, iliyochukua abiria na barua baina ya Mombasa na Lamu.

Sheria iliamuru kila kitambaa cha bawa kiwe na muhuri wa mkaguzi, na marehemu aliiheshimu kuliko waliomwajiri, lakini kibali cha kukiuza pwani nzima kilikuwa cha kampuni kubwa iliyorusha ndege zake njia ile ile, na kila kampuni ndogo ilipoagiza, iliambiwa kimekwisha. Machi 1948 bawa lilipasuka, mwenye kampuni ndogo akanunua marekani, kitambaa cha pamba cha kawaida, dukani, akataka ishonwe na kupakwa rangi isijulikane. Marehemu alimjibu kwamba marekani ni nguo ya kuzikia, si ya kurukia, bwana yule akacheka, akamwita bibi harusi mwenye kuchagua nguo, akamrudisha nyumbani, na kazi ikafanywa na wasaidizi wa marehemu, Bwana Ogutu na Bwana Taib.

Jumanne tarehe 16 Machi ndege hiyo ilianguka karibu na Mtwapa, wakafa rubani na abiria wawili. Baraza la uchunguzi liliuliza fundi wa mabawa ni nani, likaambiwa ni Kingi, naye akaomba wasaidizi wake waje waeleze bawa lile lilishonwa na nani, wakaitwa mara mbili, hawakutokea, na baraza likaamua kwamba kosa ni la fundi Mwafrika. Kampuni ndogo ikanyang'anywa leseni, kampuni kubwa ikabaki na njia peke yake, ikapandisha nauli, na kuhusu kitambaa kilichokuwa kikiisha kila kikiagizwa, hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo hakupewa kazi hata ya kushona mito, watoto wa mtaani wakamwita Mwangusha Ndege, Bi Nyevu akailisha familia kwa kuuza vitumbua, na kila marehemu alipokwenda kwa mkaguzi kuomba jina lake lisafishwe, aliambiwa alete mashahidi. Kifua kilimzidi, akalazwa tarehe 20 Agosti 1949, akafariki jana, Ijumaa tarehe 9 Septemba, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, baada ya kumwomba mkewe jina lake lioshwe kabla ya mwili wake. Mwili tumeuosha.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulisha, na Bi Mwanakhamis aliyekesha na mjane. Tunawashukuru pia wenzake wa kazi, Bwana Ogutu na Bwana Taib, waliobeba jeneza: leo mmekuja bila kuitwa, na ofisi ya mkaguzi hufunguliwa Jumatatu saa mbili.

Kingi wa Kadenge, pumzika kwa amani, ukiweza.